Mnanaa wa Paka, Barabara ya Kumi na Nne

Mbegu nilipewa na Mama Kaoneka wa Lushoto,
kazifunga kwenye karatasi ya daftari,
ndogo kuliko ugoro.
"Mnanaa wa paka huo," akasema, "si wa chai.
Ukiota huko kwenu Tanga kwenye joto,
nakuletea viazi, gunia zima."
Aliweka dau huku anacheka.

Nikatoboa kitako ndoo ya rangi,
udongo nusu, mchanga nusu,
nikaiegesha ukuta wa uani
inapopata jua la asubuhi,
na adhuhuri kivuli cha tangi la maji.
Siku ya tisa, nyuzi za kijani.
Siku ya kumi, Shilingi kalala juu yake.

Shilingi si wangu. Shilingi ni wa mtaa,
na mtaa nao unamkana.
Nikapanda upya, nikafunika kwa tenga la kuku,
juu ya tenga jiwe,
juu ya jiwe, Shilingi.

Wanasema paka hana shukrani.
Mimi nasema hana subira, na mnanaa hauna haraka.
Nikawa naukata vichwa ili utanuke,
na kila nikikata, vidole vyangu vinapata wageni:
Shilingi, Kibuyu wa dukani,
na yule mweupe wa msikitini, mkia nusu.
Wananilamba mkono hadi kwenye kiwiko.

Karani peke yake hakuja.

Na Karani ndiye niliyempandia.
Paka wa Hemedi, si wangu;
mimi nilikuwa namfukuza jikoni.
Tangu tumzike Hemedi, miezi saba,
yuko chini ya kitanda, upande ule ule,
anatoka, anakula mataya ya dagaa wawili, anarudi.

Mnanaa ukatoa maua, meupe, yenye madoa ya zambarau.
Nikangoja umande ukauke,
nikakata kwa kisu cha mchicha,
nikafunga vishada kwa uzi wa katani,
nikavitundika stoo, gizani, kichwa chini.
Harufu ikatoka nje bila kuaga.

Siku ya tatu akabisha mjumbe, Bwana Mhina,
nyuma yake vijana wawili na daftari.
"Mama Tunu, tumeambiwa unakausha majani."
"Nakausha."
"Majani ya nini?"
"Ya paka."
Akaniangalia kama niliyemwambia mbuzi kaenda Hija.
Nikampa kishada anuse.
Hakijafika puani, Shilingi yuko begani,
Kibuyu kapanda suruali,
na mwenye mkia nusu anagaagaa juu ya kiatu cha mjumbe,
tumbo juu, udenda unamtoka.
Kijana mmoja alicheka mpaka akakaa chini.
Bwana Mhina akajifuta manyoya, akasema:
"Andika: mboga."

Usiku nikasaga majani kiganjani, vikonyo nikatupa.
Mengine chupani, kifuniko nikakikaza.
Mengine nikashindilia kwenye soksi ya kijivu
niliyoikuta ndani ya kiatu cha Hemedi,
moja tu, mwenzake sijui alikwenda wapi.
Sikuwahi kuifua.
Nikafunga mdomo wake kwa katani,
nikapiga magoti, nikaisukuma chini ya kitanda.

Karani akainusa penye majani, akageuza uso.
(Kumbe wapo paka mnanaa hauwaambii kitu.
Hilo Mama Kaoneka alinificha.)
Kisha akainusa penye kisigino.
Akanyamaza hapo, muda mrefu.
Akaanza kuikanda kwa mikono miwili, taratibu,
unga wa maandazi hauhitaji zaidi,
na kutoka chini ya kitanda changu
kukaanza kukoroma
ambako sikukusikia tangu mfungo sita.

Asubuhi alikuwa uani, soksi mdomoni,
anamtazama Shilingi kama mwenye nyumba.

Nimempigia Mama Kaoneka: viazi vyangu viko wapi?
Ndoo imechipua tena.
Soksi bado sijaifua.